Macho ya Ubao

Tulikuwa watano, kisha saba.
Hatuna katiba wala mweka hazina,
tuna ugonjwa mmoja tu: mbao za sinema,
zile za kuchorwa kwa mkono
zilizotundikwa juu ya mlango siku za Idi na Diwali,
mashavu ya waridi,
bastola kubwa kuliko mkono ulioishika.

Ijumaa baada ya alasiri, Barabara ya Kumi na Tatu,
kibarazani kwa Jitesh muuza misumari,
kila mtu huja na alichookota:
tikiti iliyotafunwa na mende,
picha ya harusi ambayo, nyuma ya bega la bibi harusi,
ukikodoa sana, utaona robo ya herufi M.
Mwanamkuu, nesi wa Bombo, huwadodosa wagonjwa:
"Babu, kabla sijakuchoma, viti vya mbele vilikuwa senti ngapi?"
Na babu, kwa kuiogopa sindano, husema kweli.

Ndivyo tulivyojua kwamba nyekundu ile
ilikuwa mabaki ya rangi ya matishari bandarini,
ikazimuliwa kwa mafuta ya taa.
Kwamba mbao zilikuwa masanduku ya chai ya Amani;
jua likipiga, shujaa alinukia majani.
Ukijua kitu, hukilalii.
Mmoja alikificha kitu wiki mbili,
hadi leo tunamwita Kabati.

Na tulijua, au tulisema tunajua,
kwamba zote ni kazi ya mtu mmoja, Fundi Shechambo,
ambaye herufi zake zinaegemea kushoto
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Kihiyo kaandika daftari zima.
"Tazameni macho," alisema.
"Mwanzoni, macho ya samaki wa juzi.
Kisha ghafla yanakufuata hadi ng'ambo ya barabara.
Hiki ni kipindi chake cha pili. Fundi kakomaa."
Tukaafiki. Tulilipenda neno lile, kipindi.

Akaja mwanamke wa Makorora, hatumjui,
kasikia kwa muuza maziwa
kuwa kuna watu wazima wanalilia mbao.
Mwanashehe, alijitaja.
Kajitwika mlango wa banda la kuku.
Akaumwagia maji, akausugua kwa dodoki,
kinyesi kikatoka,
jicho likatoka.
Kisha la pili.
Jitesh akaacha kupima misumari.

"Mwili, baba. Herufi, baba," alisema.
"Macho ni ya mama.
Baba alianza kutetemeka mkono mwaka nilioingia shule.
Mbao zikaja uani usiku, mama akafunga komeo,
brashi ya manyoya ya paka wetu,
na wanja, huu huu wa kujipaka.
Alfajiri baba akazibeba, akalipwa, akarudi na samli.
Mama hakutia mguu sinema maisha yake.
Aliuliza tu: Walikutazama?"

Kihiyo alikohoa. Akataka ushahidi.
Mwanashehe akafungua pindo la kanga,
akatoa kijaluba cha shaba,
akachovya ncha ya kidole, akaweka nukta
kando ya mboni.
"Usiguse!" Jitesh akaruka,
kisha akainama, akavaa miwani, akaivua.
Ipi ya zamani? Hakuna aliyejua.

Basi likafunguka bomba la maswali:
wanja wa masizi gani, ulichanganywa na nini,
paka alikuwa rangi gani, taa ilikaa upande upi.
Kabati mwenyewe akatoa tikiti tatu
ambazo hatukuwahi kuziona.

Kihiyo hakuuliza kitu.
Alikata mstari mmoja juu ya *kipindi cha pili*,
akalamba penseli.
"Jina la mama?"
"Mwanatumu binti Mhina."
"Herufi kwa herufi, tafadhali."

Jitesh alitoa bawaba mbili na mlango mpya, bure.
Mwanashehe akaushika, akaugonga, hakuridhika.
"Miaka kumi na tisa," alisema,
"hata kicheche hakuthubutu kuingia.
Huu nao utamtazama nani?"