Ndoo ya Kwanza

Siku ya pili, Machui, ndoo ilianza kusema
chini ya kitanda: chwe, chwe, chwe,
kama mtu anayekula muwa kwa siri.

Ya nne nikampigia shangazi, Songea,
nikalaza simu juu ya kifuniko.
Akasikiliza. Salio likaliwa.
"Bado. Hapo inagombana na kimea."

Ya sita, kimya. Nikachukua kikombe.
"Usiguse, Skola.
Kimya cha leo kinavuta pumzi,
ngoja cha kesho."

Usiku ule vuli ilipiga bati
hata sikusikia ndoo,
wala adhana ya Mwera.

Kulipokucha nikafunua.
Machicha yamelala chini, juu pametulia.

Nikampigia tena. Sikusema kitu:
nikameza karibu na simu,
asikie.