Kenda

Madungu, chumba cha tatu, saa kumi na moja jioni.
Madawati ya watoto; magoti yetu hayana pa kukaa.
Tu kumi na wawili. Mie na Bi Chumu ndio wakongwe,
waliobaki ni wasichana wa hoteli za Makangale
wanaotaka kumwambia mgeni shuka zimebadilishwa,
au zinabadilishwa,
au, tafadhali, zitabadilishwa.

Mie sina hoteli. Nauza mikate ya ajemi.
Nina mjukuu Lesta, miaka sita,
sauti kama kengele ya baiskeli mpya,
shikamoo haijui,
na simu haina mkalimani.

Mwalimu wetu Salhiya, nilimjua ana kamasi,
akitumwa mkate wa mia mbili akirudi na nusu.
Leo yeye ndiye ashikaye chaki,
na mie ndiye nitetemekaye.

Kwetu kitenzi hakisumbui.
Mzizi umekaa kitini kama mwenye nyumba,
wapitao mlangoni ni hawa wadogo:
li, na, ta, me. Hodi, hodi, karibuni.
Chao hubadili hata sura.
Leo goo, kesho yake ukiuliza, wenti,
kama mtu aliyekimbia deni
akahamia shehia nyingine kwa jina jingine.

Nikajitungia kibwagizo, nakikariri nikikanda unga:
*Goo ni kwenda kwa leo, wenti ni kwenda kwa jana,*
*goni ina tegemeo, na hazi hushikamana.*
Bi Chumu akacheka mpaka akakohoa.
Lakini kwenye jaribio alikiandika pembeni, nilimwona.

Swali la saba: Mwanao yuko wapi?
Nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuoni,
herufi zimesimama kama zinasali:
Makame hazi bini Inglandi.

Kalamu nyekundu.
"Bi Riziki, hazi bini ni mtu aliyekwenda akarudi.
Yupo hapa, kakaa, anasimulia baridi ya huko.
Hazi goni kenda, na mpaka sasa yuko huko.
Sasa Makame, kesharudi?"

Nje mpira wa watoto uligonga bati.
Hakuna aliyenitazama, wote walinitazama.
Nilitaka kumwambia, mwanangu,
sie tunasema *kenda*, basi, yatosha,
neno moja lenye huruma,
halimuulizi mtu ataka kurudi au hataki.
Na kenda ndiyo hesabu yenyewe:
mwaka wa kenda huu,
chandarua chake bado nakifua kila Shaabani.

Nikafuta. Raba ikatoboa karatasi.

Jumapili simu ikalia. Yule kengele.
Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, neno kwa neno,
kama mtu avukaye ukuta wenye chupa:
Babako yuko wapi?
Akajibu haraka, vile wao wanavyomeza maneno,
na kabla sijaijua maana nikaisikia sarufi:
*hizi goni*, nani.
Goni. Si wenti. Si bini.
Nikauliza, goni wapi? Kazini? Dukani?
Mtandao ukakatika. Au mtoto alikwenda kucheza.
Hapo sijui niweke wakati gani.

Jaribio limerudi. Kumi na tano kwa ishirini.
Swali la saba, pembeni ya tundu la raba,
Salhiya kaandika *Vema sana*
na tiki kubwa yenye mkia mrefu.
Sijapata kupewa sifa ikanichoma vile.

Nilibaki nyuma wenzangu walipotoka.
Nikamuuliza: wakati wa mtu ambaye hajarudi,
ila ikifika siku fulani, tuseme Idi,
atakuwa amekwisha kurudi,
Waingereza wanao?
Akapangusa ubao, vumbi likamkaa kwenye kope.
"Wanao, Bi Riziki. Mrefu kidogo, una vitenzi vitatu.
Tutausoma muhula ujao."

Ada nimelipa.