Kibogoyo wa Hoe Street

Meno yake yote yaling'olewa Jumamosi moja, hapa Walthamstow,
akiwa na miaka ishirini na sita:
zawadi ya harusi kutoka kwa baba mkwe,
apunguziwe gharama za mbele.
Posa ikavunjika. Meno hayakurudi.

Hivyo Wilmot Garside akawa mzee kabla hajawa mtu mzima.
Studio ya vioo nyuma ya kituo cha treni ilitafuta babu,
na mababu halisi walikuwa wanasinzia chini ya taa.
Akatia meno ya bandia mfukoni, mashavu yakadidimia.
Mwongozaji akasema: Huyo.

Tangu hapo alikufa kila baada ya miezi mitatu.
Alikufa kwa kifua, kwa madeni,
kwa kuangukiwa na kengele ya kanisa.
Alizikwa na wana waliomzidi umri,
mmoja akipaka nywele rangi ya viatu kuficha mvi.
Akawa mlinda lango, karani wa mirathi,
mtumishi aletaye barua na kufunga mlango taratibu.
Jina lake lilikuwa la tisa kwenye orodha, au halikuwapo.
Shilingi thelathini kwa wiki, na supu.

Mimi nilipiga piano chini ya skrini.
Kazi yangu ilikuwa kulia kwa vidole:
Garside akikata roho, napunguza mwendo,
na ukumbi mzima unapenga kamasi.
Isipokuwa safu ya tatu, kiti cha pembeni.
Hester Lumb, mshona vifungo, kiziwi tangu homa ya utotoni,
alikuwa anacheka.
Anacheka hadi kofia inamwelemea.

Taa zilipowaka nikamwandikia pembeni mwa noti zangu:
Kuna nini cha kuchekesha?
Akachukua penseli.
*Maandishi yanasema: Nisamehe, mwanangu, shamba ni lako.
Mdomo wake unasema: Nani kakalia meno yangu?*

Nikajaribu kumsoma mwenyewe. Niliona midomo tu.

Hester akamtumia barua kwa posta:
Bwana Garside, mguu umepona?
Juma lililopita, ukimhukumu yule mwizi wa farasi,
ulisema kiatu kinakubana.

Hakujibu kwa posta.
Ilikuwa miezi miwili baadaye, kwenye filamu ya kinu kilichoungua.
Akaja mbele na fanusi, hatua moja zaidi ya alivyoagizwa,
akasema maneno mengi, akitutazama.
Watu walidhani anaomba maji.
Hester hakucheka. Penseli yake ilisimama juu ya karatasi.
Sikuuliza; nilikuwa na moto wa kupiga.

Miaka mitano ikaenda hivyo.
Mara moja tu alinionyesha:
*Anasema bei ya makaa imepanda.
Anasema amenunua kiti cha pili.*

Kisha sauti ikaja.
Piano yangu ikafunikwa shuka, ikauzwa kwa Wamethodisti.
Garside wakamjaribu katika chumba kilichotundikwa mablanketi.
Kipaza sauti kikasikia meno: kta, kta,
kama mtu anafuma soksi ndani ya kinywa.
Akayatoa. Maneno yakawa uji.
Wakamshukuru. Tena, wakasema, sasa mdomo lazima useme
kilichoandikwa, na kilichoandikwa tu.

Filamu zake ziliuzwa kwa uzito.
Zikachemshwa kutolewa fedha iliyomo;
masalio yakawa rangi ya kung'arishia visigino.
Nimewahi kuvaa viatu vya namna hiyo, vyekundu,
sikujua nakanyaga kifo kipi.

Niliwaona mara ya mwisho sokoni,
yeye upande wa muuza mikunga, kinywa wazi, hakina jino,
Hester ng'ambo ya barabara na kapu la viazi.
Garside alikuwa anamwambia jambo refu,
bila sauti, kwa mazoea.
Tramu ikakatiza katikati yao.
Kupitia madirisha yake niliona kofia tu,
inayumba.