Kifungu cha Kumi na Tisa

Alibonyeza NAKUBALI usiku wa manane,
kidole kingali na asali,
alama ikabaki juu ya kioo:
sahihi pekee aliyotia Neža Hribar.

Kurasa arobaini na moja. Nani husoma?
Mizinga ilikuwa ikingoja kupimwa,
na theluji ya Radovljica haimsubiri wakili.

Miaka tisa uzito wa kila mzinga
ulipanda winguni, gramu kwa gramu.
Wingu, alidhani, ni la wote.

Wingu lina mwenyewe.
Mwenyewe kauzwa; aliyemnunua
kafunga mlango kwa barua ya mistari mitatu,
"kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa."
Mashtaka? Dublini, kwa gharama yako.

Mfuata nyuki hakosi asali;
mfuata hesabu zake
huambiwa zilikuwa zake
mpaka siku alipozipeleka.

Leo amechonga penseli kwa kisu cha kukatia masega.
Juu ya kifuniko cha mzinga wa kwanza
anaandika tarehe, kilo,
kisha, chini, kwa herufi ndogo kabisa:
nyuki hawakubonyeza chochote.