Kitufe cha Kimya

Mashine yangu ina vitufe ishirini na viwili,
nayo naandikia kila linalotamkwa
katika mahakama ya kaunti, ghorofa ya tatu,
mji mdogo wa Missouri ambao hata mto umeuchoka.
Kikohozi siandiki. Mnyororo siandiki.
Siandiki kiti kinachosogezwa ili mama mtu aone vizuri.

Miaka kumi na tisa. Vidole vimejifunza mikato:
"imeahirishwa" ni bonyezo moja,
"dhamana inabaki palepale," moja,
kwa kuwa lisemwalo kila siku huchongewa njia.
"Sina hatia" bado ni mabonyezo mawili.
Sikuwahi kupata sababu ya kulifupisha.

Jumanne. Wanashushwa kwa lifti, watano watano,
sare za rangi ya chungwa, ndara za mpira.
Wa kwanza ni Dwight Ostrander,
aliyevunja dirisha la duka la pombe, kamera ikamwona,
wala hakatai. Amekaa siku arobaini.
"Nakiri," asema, kama mtu anayelipia mkate.
Jaji anahesabu: ulizokaa zimetosha. Nenda.
Anapita mlango mkubwa, ule wa vioo;
nje dada yake ameacha gari likinguruma.

Kisha Verlon Tackett.
Shtaka: nyaya za shaba, kiwanda cha viatu kilichofungwa.
Dhamana: dola elfu moja na mia tano.
Mahabusu: siku mia moja arobaini na tatu.
Ndani ya siku hizo
(haya yamo kwenye kumbukumbu, wakili aliyasema mbiombio)
karakana ya matairi imempa mwingine kazi yake,
chumba chake kimepangishwa,
binti yake ameng'oka meno mawili ya mbele
na mapya yameanza kuchungulia.

Wakili wa umma, Bi Imogene Strand,
huvuta majalada kwa kigari cha sokoni
chenye gurudumu moja linalolia.
Leo anayo thelathini na sita. Tackett ni la ishirini na mbili.
Walionana dakika saba, kupitia kioo.
Sasa anamwinamia sikioni. Minong'ono siandiki,
ila kwa miaka hii yote naijua:
ukikiri, jioni utakula kwako;
ukikataa, kesi ni Machi. Labda Mei.

Jaji anamsomea haki zake
kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa:
una haki ya kudhaniwa huna hatia,
una haki ya wakili, haki ya kesi isiyocheleweshwa,
haki ya kuwatazama usoni wanaokushuhudia,
una haki ya kunyamaza.
Ukikiri, unazivua zote. Umeelewa?
Kuna aliyekutisha? Kuna aliyekuahidi chochote?

Hapo Tackett akaitumia moja.
Alinyamaza.

Niliinua vidole. Mshale wa saa ukatembea,
sekunde tisa, kumi na moja, kumi na nne.
Gurudumu la kigari lililia peke yake.
Mashine haina kitufe cha kimya.
Atakayesoma nakala hii huko rufani
ataona swali, na chini yake jibu,
yamegusana mabega kana kwamba hapakupita kitu.

"Sikuiba, mheshimiwa."
"Sikuuliza hilo. Unakiri au hukiri?"
"Sina hatia."
Mabonyezo mawili.

Imeahirishwa. Dhamana inabaki palepale.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea.
Nimeipima wakati wa chakula cha mchana:
angedanganya, ni hatua kumi na nne tu
kutoka meza ya mshtakiwa hadi vioo.
Yeye alipitishwa ule mlango mwingine, wa chuma,
usio na kishikio upande wa ndani.

Usiku, nikisafisha nakala jikoni kwangu,
kati ya swali na jibu niliacha mstari mmoja mtupu.
Asubuhi karani aliurudisha, ameuzungushia wino mwekundu:
kosa la uchapaji.

Nikaufuta.