Nukta

Nimelitoa usiku wa kuamkia Jumatatu,
toleo la tatu, nukta sifuri,
saa ambayo mtandao wa Isevya huwa mwepesi
na bando la usiku bado lina pumzi.
Chini yake nikaorodhesha mambo mapya kumi na moja,
nikajisifu kidogo (nani angeniona?),
nikafunga laptopu, nikatafuna matobolwa, nikalala.

Saa mbili asubuhi, Kalunde, karani wa ghala la Ipole:
"Fundi, programu yako imeingiwa na wazimu.
Ndoo moja ya asali, kilo mia mbili hamsini na tano?
Ndoo hiyo nimeinyanyua mwenyewe, kwa mkono mmoja."

Nikauliza kama tunavyouliza sote.
Unatumia toleo gani?
"La bluu."
Kabla ya hapo ulibonyeza nini?
"Nilibonyeza ulipotaka pabonyezwe."
Kivinjari kipi?
Kimya. Nikasikia mizani ikigonga, mtu akikohoa.
"Fundi, hapa nje kuna foleni."

Programu huria, husema watu, haina mwenyewe.
Anaye:
ni yule anayepokea simu.

Yupo mmoja wa mbali, sura yake siijui,
huandika kwa herufi kubwa: MTAREKEBISHA LINI?
Mta. Sisi akina nani?
Mimi, na Wanjala wa Bungoma
anayeandika msimbo kwenye zamu za usiku hospitalini,
na binti mmoja wa Urambo aliyetupangia rangi mwaka juzi,
akapata kazi benki, hatujamsikia tena.
Wingi wetu ndio huo.

Baba yangu alikuwa mrina asali.
Akifungua mzinga hakukomba;
masega mawili aliwaachia nyuki wavukie kiangazi.
Mimi nimekomba.
Toleo la pili nukta tisa nililiondoa mlangoni,
nikasema limezeeka,
kumbe maghala sita yalikuwa bado yanalala humo,
na hakuna aliyenituma niwaamshe.

Basi nimerudi nyuma. Aibu nayo ina utaratibu wake:
kwanza unalirudisha toleo la zamani mahali pake,
kisha unashuka mstari kwa mstari
kumtafuta aliyekosea.
Nilikwisha kuanza kumwandikia Wanjala maneno makali
nilipofika mstari wa mia nne na kumi na mbili:
tarehe ya Machi, saa tisa usiku, na jina
ni langu.

Kalunde huandika ishirini na tano, mkato, tano.
Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo daftari lake linavyosoma.
Mimi nilikuwa nasubiri nukta.
Mkato ukaja, programu ikaumeza,
tarakimu zikakumbatiana,
na asali ya watu arobaini
ikafura mara kumi kabla ya chai.

Kurekebisha kulichukua herufi moja.
Kuitafuta herufi, siku nzima na nusu.

"Na kile kitufe," akasema nilipompigia,
"umekiita Wasilisha. Sisi hapa hatuwasilishi. Tunapima."
Mgeni siku mbili; yeye alikuwa na miaka minne
na jembe sijawahi kumpa.
Nikamwomba aniandikie maneno yote yanayomkwaza.
Jioni ikaingia picha ya ukurasa wa daftari,
kalamu nyekundu, maneno kumi na manne,
moja limepigiwa mstari mara tatu:
*Hitilafu isiyojulikana.*
Pembeni yake: "Kama wewe huijui, mimi niijueje?"

Alhamisi nikatoa tatu, nukta moja.
*Mkato sasa unakubaliwa. Kitufe kinaitwa Pima.
La pili nukta tisa litatunzwa hadi ghala la mwisho lihame lenyewe.
Maneno yamesahihishwa na Kalunde Kapera, Ipole.*
Safari hii sikulala. Nilikaa nikiitazama simu
kama mtu aliyeacha sufuria jikoni kwa jirani.

Saa mbili, ikalia.
"Kilo zimekaa sawa," akasema. "Foleni inakwenda."
Akanyamaza.
"Ila fundi, umeandika Kapera.
Sisi ni Kapela."

Nikafungua laptopu.
Tatu, nukta moja, nukta moja.