Herufi Kumi na Sita

Kazi yangu ni kupima malori, Miritini,
zamu ya usiku. Ekseli kwa ekseli
yanapanda bamba la chuma, nasoma tarakimu,
natoa karatasi, dereva analalama, anapita.
Saa nane, meli ikichelewa kushusha,
hapapiti kitu ila paka.

Nyamvula ndiye aliyeanza. Kwenye kompyuta ya ofisi
alifungua picha nne za kipande kimoja cha anga,
zimepigwa na darubini ya mbali, mlima wa watu wengine,
kila moja dakika ishirini baada ya mwenzake.
Akazipitisha upesi: moja, mbili, tatu, nne,
moja, mbili, tatu, nne,
nyota zote zimetulia kama misumari.
"Shee, kuna inayotembea."
Nikasema ni uchafu wa kioo. Akakifuta kwa ncha ya leso.
Ikatembea.

Hafifu mara milioni kuliko nyota ya mwisho
ambayo jicho lingeiona, laiti taa za bandari zingezimwa.
Tukatuma vipimo. Kisha likaja lori la klinka
limezidi tani tatu, tukabishana na mwenyewe
hadi adhana ya alfajiri.

Majibu yalikuja kidogo kidogo, kwa miaka.
Kwanza jina la muda: mwaka, herufi mbili, nambari,
kama ubavu wa kontena.
Kisha njia yake, baina ya Mirihi na Mushtarii
("si Miritini na Mazeras," Nyamvula alimwambia mkubwa wetu
aliyetaka kujua kama litatuangukia).
Halianguki. Asteroidi, wasema wataalamu; sisi tulisema jiwe.
Lazunguka jua kwa miaka minne na miezi mitano,
halina mkia, halina haraka.
Lajipindua kila saa saba na dakika kumi na mbili,
na kwa kila mpinduko mwanga hupanda mara mbili, hushuka mara mbili;
kwa hivyo si duara. Refu, kama muhogo.

Nikauliza swali la mpimaji: uzito wake?
Hawajui. Hata ukubwa walikisia.
Jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi
hutupa mwanga uleule, na wewe uliye mbali
huna la kuapa.
Hadi chombo kingine, kinachosoma joto,
kilipolikuta ni jeusi: katika miali mia larudisha mitano,
jeusi kuliko makaa ya Mama Mkasi pale getini.
Kilomita tatu, basi. Kama kwenda kwa miguu
toka daraja la Makupa hadi Mwembe Tayari.
Na ndani, katika udongo wake, maji yamefungwa
tangu jua lilipokuwa changa.

Wakati huo Nyamvula keshahamishwa Busia.

Mwaka wa saba ikaja nambari ya kudumu, na barua:
pendekezeni jina. Lisiwe la mwanasiasa,
lisiwe la biashara,
lisizidi herufi kumi na sita.

Kumi na sita! Nilicheka peke yangu kibandani.
Marehemu baba alitufundisha kuhesabu kwa vidole
mizani nane za ukwapi, nane za utao,
na mshororo uliozidi akaurudisha
kama ninavyorudisha lori.

Mkubwa alitaka jina la kituo. Binamu yangu, lake.
Nikapiga simu Busia, nikasikia malori nyuma ya sauti.
"Wewe ndiye uliyeliona."
"Na wewe ndiye uliyeliita uchafu," akasema.
"Andika utakavyo, nina foleni."

Nyamvula: aliyezaliwa mvua ikinyesha.
Kwa jiwe lisilowahi kuona wingu.
Nimehesabu mara mbili. Herufi nane,
ukwapi mtupu. Utao nimeuacha wazi.

Lori limepanda bamba. Nasoma.